Gundi Imeshika Rangi

Kuna alasiri moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau miaka mingi na yenyewe haitaki kusahaulika. Ni ile alasiri tulipofungua turubai pale Kitui, kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, na wanawake thelathini na mmoja wakanyamaza kwa pamoja. Vuta hicho kigoda uketi. Simu weka kando kidogo, haitakukimbia. Nitaanza tangu mwanzo, kwa sababu nikianzia katikati nitajitetea, na mimi sikukuita hapa nijitetee.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeolewa huku Kibwezi, na nilikuwa na mkono wa rangi. Sijisifu bure, hata wale ambao hawakunipenda walilikubali hilo. Niliandika mabango ya maduka na kuchora kuku kwenye kuta za hoteli, na kuku wangu walionekana wamenona kuliko wale wa kwenye sahani. Basi Fundi Nzioka akaniita nifanye kazi naye.

Fundi Nzioka alikuwa mzee mtaratibu, aliyekuwa amefanya kazi Mombasa miaka mingi kwenye karakana ya rezini. Rezini ni dawa nzito kama asali, inakuja ndani ya mkebe. Unaichanganya na matone ya dawa nyingine ya kuigandisha, unaimimina ndani ya kalibu ya mpira, unangoja, na ukifungua unatoa kitu kigumu kama mfupa. Harufu yake ilikuwa inatuumiza kichwa mpaka tunafanyia kazi nje, chini ya paa la mabati lisilo na kuta. Na kwa kuwa Mkamba hata umpeleke wapi atachonga tu, Fundi alichonga watu wadogo wa mti, urefu wa kidole cha kati, akawatengenezea kalibu, kisha akatoa sanamu za rezini kadiri alivyotaka. Yeye alitoa watu. Mimi niliwavalisha rangi.

Kijijini kwetu kulikuwa na mwethya wa akina mama. Wewe uliyezaliwa mjini nikuambie: mwethya ni watu kukutana na majembe yao, leo wanalima kwa huyu, kesho kwa yule, na hakuna anayeuliza nani amechoka zaidi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Akina mama hawa walikuwa wamechimba mitaro ya fanya juu mlima mzima, ile ambayo udongo unarushwa upande wa juu ili mvua isiubebe, na chini ya mlima wakachimba silanga, bwawa la kushika maji ya mvua. Walichimba kwa jembe, sepetu na karai. Hapakuwa na mashine yoyote.

Silanga hiyo ilichukua mtu. Aliitwa Mwikali. Siku moja ukingo ulibomoka ukamfunika akiwa chini anajaza karai, na wenzake walipomfukua kwa mikono alikuwa ameshaenda. Nilimjua vizuri. Alikuwa na leso ya manjano yenye pindo la kijani, akifunga kitambaa cha kichwa upande kama anayesikiliza kitu, na alikuwa akisema atapiga picha siku silanga itakapojaa, asimame ukingoni, maji yaonekane nyuma yake. Kwa hiyo hakuwahi kupiga. Mama yake mzazi, Susu Ndunge, alibaki bila picha ya binti yake hata moja. Susu kwetu ni nyanya, na kila mtu alimwita hivyo, hata wazee wenzake.

Silanga ilipojaa kwa mara ya kwanza, mwethya ukaalikwa kuonyesha kazi yake kwenye maonyesho ya Kitui. Mlima haubebeki, basi ikaamuliwa ubebwe mfano wake. Mama Kioko, mwenyekiti wa mwethya, alikuja kwa Fundi akasema wanataka kila mama awe mahali pake kwenye mtaro, na leso yake mwenyewe, na jembe lake.

"Na Mwikali awe juu ya ukingo," akasema. "Pale alipopenda kusimama."

Susu Ndunge alikuja naye siku hiyo. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, mtu alimtambua kwa sauti na kwa rangi ya nguo tu. Alinishika mkono, huu wa kulia, akaukanda kidogo kama anayepima unga.

"Mwanangu, macho yangu yamebaki kidogo," akaniambia. "Mfanye nimwone kabla hayajaisha."

Nikamwambia usijali, Susu, utamwona. Ahadi ni deni, lakini mdomo wa kijana hauogopi kukopa.

Sasa ngoja nikueleze kazi ilivyotakiwa kufanywa, maana hapo ndipo nilipopotea. Fundi alikuwa amenifundisha zaidi ya mara moja. Sanamu ikitoka kwenye kalibu unaiosha kwa sabuni, maana inatoka na mafuta. Unatoboa unyayo kwa keekee ndogo, ile ya kuzungusha kwa mkono, na unaingiza kipande cha spoki ya baiskeli. Ndipo unapaka rangi, ukiishika sanamu kwa hiyo spoki, na unyayo huupaki. Kisha unaenda kwenye mlima wa mfano, ule ambao Fundi aliujenga kwa plasta juu ya mbao, unakwangua rangi ya udongo pale mahali mpaka plasta yenyewe ionekane, unatoboa shimo, unatia gundi, unaingiza spoki. Fundi alikuwa na msemo wake: "Nduku, mtu hasimami juu ya ardhi. Anasimama ndani ya ardhi."

Mimi nilianza na rangi.

Usicheke. Ungekuwa wewe ungefanya hivyo hivyo. Akina mama walikuwa wakitoka sokoni wanapitia karakana kujiangalia, na sanamu tupu ya rezini haina wa kuisifu. Lakini ukimpaka mtu leso yake, woi! "Nduku, huyu ni mimi kabisa! Hata tumbo langu umelileta!" Mwingine anasema, "Mbona mimi umenipa makalio ya Mama Kioko?" Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nami nilikuwa nikipenda sifa vile mbuzi anavyopenda chumvi. Nikawapaka wote thelathini na wawili, pamoja na Mwikali, kutoka kitambaa cha kichwa mpaka chini. Hata nyayo nilizipaka. Wenye viatu vya plastiki nikawapa plastiki, wenye akala za tairi nikawapa akala, upande wa chini, mahali ambapo hapana jicho litakaloona.

Mwikali nilimpaka mwisho. Siku mbili nzima. Kile kitambaa cha upande kilinitoa jasho, lakini nilikipata, na nilipomweka mezani nikaona amegeuza kichwa kusikiliza kitu. Mwenyewe nilitokwa na machozi.

Basi Fundi akapata habari ya msiba wa ndugu yake kule Kambu. Alikuwa aende siku tatu. Kabla hajapanda gari aliniachia mkebe wa spoki zilizokatwa tayari.

"Najua ulianza na rangi," akasema, wala hakunikaripia. "Sasa itakuwa kazi ngumu kidogo. Kwangua nyayo zote, toboa, tia spoki. Utaharibu rangi hapa na pale, utarudishia. Usiruke hata mmoja."

"Sawa, Fundi."

Alipoondoka nilimchukua mmoja, nikamgeuza kichwa chini, nikaanza kuzungusha keekee. Ikateleza. Ikamchora mguu mpaka kwenye leso, mstari mweupe mrefu. Moyo ukaniuma kama nimeungua mimi. Nikatazama wale wengine thelathini na mmoja, wote wamependeza, nikaona keekee ile ni adui. Gundi tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mirija miwili, unachanganya, ikikauka unaweza kuitundikia ng'ombe. Nikajiambia, gundi kali hivi ya nini tena spoki? Wazee wanapenda tu kujichosha.

Nikawabandika wote alasiri moja. Rangi juu ya rangi. Kesho yake nikatikisa meza, wakasimama. Nikatikisa tena kwa nguvu, wakasimama. Jamani, nilijiona nimevumbua kitu. Mkebe wa spoki nikausukuma uvunguni mwa meza kwa mguu.

Fundi alirudi asubuhi ya safari, lori tayari limewasha injini. Alikuwa amechoka na msiba. Akauzunguka ule mfano polepole, mikono nyuma.

"Umewatia spoki?"

"Ndio, Fundi."

"Wote?"

"Wote."

Akainama kwa Mwikali, akamwangalia sana. "Umempata," akasema. "Mungu akubariki huo mkono." Nikashukuru huku nimeangalia pembeni. Nilikuwa nimedanganya mara mbili kwa pumzi moja, na nikapewa baraka juu yake.

Barabara ya Kibwezi kwenda Kitui siku hizo, mwanangu, haikuwa barabara. Yalikuwa makorongo yaliyokubaliana kuelekea upande mmoja. Dereva alikuwa Munyao, kijana mpole, na alijitahidi kukwepa alivyoweza. Susu Ndunge alikaa mbele naye. Sisi wengine tulikuwa nyuma na ule mfano umefungwa turubai katikati yetu, akina mama wakiimba nyimbo za kanisani na kula viazi vitamu. Baada ya kuvuka mto Athi tulipiga shimo moja kubwa, na chini ya turubai nikasikia kitu kimelia, tik. Kidogo tu. Baadaye tena, tik. Mama Kioko akanipa kiazi. Nikakishika tu mkononi.

Kufika Kitui jua lilikuwa limeanza kulala upande. Wanaume wa uwanjani wakatusaidia kushusha mfano, tukauweka juu ya meza ndani ya banda letu, na Susu akaletewa kiti, akawekwa mbele kabisa, karibu aguse meza kwa magoti. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Akina mama wakajipanga. Mama Kioko akafungua kamba, akavuta turubai.

Mlimani hapakuwa na mtu.

Wote walikuwa wameanguka wakabingirika mtaro kwa mtaro mpaka chini, wakalundikana ndani ya silanga. Na pale walipokuwa wamesimama zilibaki nyayo zao za rangi, zimegandana na mlima vizuri kabisa, jozi kwa jozi, akala za tairi na viatu vya plastiki. Nyayo zilikuwepo na wenyewe hawapo.

Susu akasogeza uso karibu. Akatazama ukingoni, mahali alipoambiwa amtafute. Kisha akashuka polepole na macho yake yale ya ukungu mpaka chini, na hapo akaiona rangi ya manjano. Mwikali alikuwa chini ya wenzake, ndani ya silanga, amefunikwa. Susu hakulia. Alitoa sauti moja ndogo, ile ya mtu aliyechomwa mwiba, akarudisha kichwa nyuma.

Mwanangu, mimi nimezika wazazi, nimezika mume. Sauti ile bado naisikia.

Kwanza ilikuwa kimya. Halafu mmoja akamgeukia dereva. "Munyao! Unaendesha kama umebeba mawe!" Na mwingine, "Nilikuambia pole pole kule mtoni!" Na wa tatu. Yule kijana akasimama na kofia mkononi akisema pole mama, poleni, barabara ni mbaya, poleni. Na mimi, haki ya Mungu, nilinyamaza. Niliona mlango umefunguka na nikataka kupita. Nikasema moyoni, si ni kweli barabara ni mbaya?

Fundi Nzioka alikuwa ameokota mmoja wa akina mama kutoka silanga. Akamgeuza. Akatazama unyayo: hauna shimo, hauna spoki, rangi yote imebanduka, rezini inang'aa. Akanyoosha mkono akanionyesha, mimi peke yangu, kwa chini, wengine wasione.

"Gundi yako imeshika vizuri sana, Nduku," akasema polepole. "Imeshika rangi."

Akangoja. Alikuwa anaweza kuniumbua mbele ya mwethya mzima na hakufanya hivyo. Alinipa nafasi ya kutembea mwenyewe. Na wale wanaendelea kumpigia Munyao kelele. Nikaona kofia yake inavyozunguka mikononi, nikaona aibu ya mtu asiye na kosa, na hapo magoti yangu yakaamua kabla ya kichwa.

"Mwacheni Munyao," nikasema. "Ni mimi. Fundi aliniambia niwatoboe nyayo niwatie spoki, mimi sikutaka kuharibu rangi. Niliwabandika tu. Halafu nikamwambia nimefanya."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyoimbishwa shuleni. Mimi nilivunja miguu sitini na minne, na hakuna hata mmoja uliokuwa wangu.

Mama Kioko akafungua mdomo, na mdomo wa Mama Kioko ulikuwa si wa mchezo. Lakini Susu akainua mkono.

"Njoo hapa, wewe."

Nikaenda, nikapiga magoti mbele ya kiti chake. Akautafuta mkono wangu wa kulia, ule ule, akaushika.

"Wanasema ulimpaka vizuri."

"Nilijaribu, Susu."

"Ulimpaka vizuri mpaka ukasahau kwamba ana kazi ya kusimama." "Mimi sikukuomba mtoto mzuri. Mzuri nilikuwa naye. Nilikuomba anayesimama. Kuanguka nilishamwona akianguka."

Hapo nililia, na sikuona haya kulia. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akanipiga kofi jepesi la shavuni, lile la kumwamsha mtoto. "Haya basi. Jua linaenda. Wasimamishe."

Spoki zilikuwa Kibwezi, uvunguni. Unajua nani alizipata nyingine? Munyao. Alivaa kofia yake, akaenda mbio mpaka kwa mtengeneza baiskeli upande wa soko, akarudi na gurudumu bovu zima amelitia shingoni. Akanipa na koleo juu yake, akasema, "Dada, kata." Nilikata spoki vipande sitini na vinne, na kwa kila kimoja niliona haya mbele ya yule kijana.

Kisha mwethya ukawa mwethya. Hakuna aliyeitisha, hakuna aliyegawa kazi. Kila mama akaingiza mkono ndani ya silanga akajitafuta, akajitoa, akakaa chini kwenye nyasi akaanza kukwangua nyayo zake mwenyewe. Huyu kwa wembe, yule kwa pini ya nywele, mwingine kwa kijiko cha sukari. Fundi akipita na keekee anatoboa, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Mimi nikikwangua zile nyayo zilizobaki mlimani mpaka plasta ikatokea nyeupe. Na kicheko kikarudi kidogo kidogo. "Kumbe chini mimi ni Mzungu hivi!" akasema mmoja akionyesha unyayo wake. "Wewe kwangua wewe, ulianguka wa kwanza, nilikuona," akajibiwa. Hata Mama Kioko akacheka, ijapokuwa aliponitazama aliacha.

Mwisho alibaki mmoja tu ndani ya silanga. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

"Nipeni," akasema Susu.

Nikamtoa Mwikali nikamweka kiganjani mwake. Akampapasa kwa kidole gumba, kichwa, kile kitambaa, mabega, jembe. Akamkwangua nyayo kwa kikisu kidogo cha kumenyea, kwa kubahatisha, akipapasa na kukwangua, na sote tukangoja. Halafu akanipa mimi, si Fundi.

"Toboa wewe."

Nikazungusha keekee taratibu, na ilipokuwa karibu kumaliza mguu wa pili ikateleza, ikachana pindo la leso, lile la kijani nililolihangaikia siku mbili. Nikatoa kilio. Nikasema nitarudishia rangi, Susu, nimebeba rangi, ni dakika tu.

"Kumetokea nini?"

"Pindo la leso limechanika."

Akatabasamu, na ndiyo mara ya kwanza siku hiyo. "Acha hivyo. Mwikali hakuwahi kuwa na leso ambayo haijachanika. Sasa ndiyo namjua."

Nikatia spoki, nikatia gundi, nikamsimamisha ukingoni, nikamshika kwa vidole viwili mpaka Fundi aliponiambia mwache sasa, ameshika. Nilikuwa nimemshika muda mrefu hata vidole vilikufa ganzi.

Asubuhi yake watu walijaa. Waamuzi walipita, mmoja akajikwaa kwenye mguu wa meza, meza ikayumba vibaya. Hakuanguka hata mmoja. Zawadi hatukupata, kama unataka kujua. Zawadi walipewa watu wa mafahali, na kweli mafahali wale walikuwa wakubwa. Lakini Susu Ndunge alikaa pale kutwa, hakutaka chai, hakutaka kivuli. Kila aliyepita alimvuta nguo akamwonyesha, "Huyu wa manjano ni binti yangu. Amesimama pale juu, unamwona?" Na watu wakasema tunamwona, nyanya.

Ule mfano uliwekwa kanisani kwetu miaka mingi, kwenye chumba cha watoto wa shule ya Jumapili. Macho ya Susu yaliisha, lakini alikuwa akipelekwa baada ya ibada anampapasa tu. Mchwa hawaheshimu kanisa. Walikula mbao chini yake mpaka mlima ukapasuka, ikaamuliwa utupwe. Wakajaribu kumng'oa Mwikali wampelekee Susu. Akakataa kung'oka. Walivuta, wakatikisa, mwisho wakachukua msumeno wakaukata mlima kumzunguka, akatoka na kipande chake cha ukingo chini ya miguu.

Na Susu alipokuwa anaaga dunia, alikuwa na wajukuu, alikuwa na wakwe, alikuwa na Mama Kioko ambaye hakumwacha hata siku moja. Wakamuuliza hii sanamu apewe nani. Akasema, "Mpeni yule aliyemwangusha. Huyo ndiye hatamwangusha tena."

Ndiye yule pale dirishani. Nenda umshike. Mvute, mvute kwa nguvu, usiogope. Unaona?

Sasa sikia neno lenyewe, maana wewe una mambo yako mbele, kuna kazi, kuna ndoa, na najua unavyojipaka ili watu wakupende. Rangi si mbaya. Mimi nimekula kwa rangi maisha yangu yote. Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ukitaka kushikana na mtu, au na kazi, au na Mungu wako, kwangua kwanza pale mtakaposhikania. Mwonyeshe unyayo wako ulivyo. Ukimpa rangi ashike, atashika rangi. Na barabara ikiwa laini hamtajua, mtatikisa meza mtajiona mmesimama. Siku ya makorongo atabaki na rangi yako mkononi na wewe uko chini. Na mtu akikuonyesha mahali pa kutoboa, usimwone adui. Inauma, inaharibu pindo, na ndiyo inayoshika. Na siku ukikosea, kwa sababu utakosea, usimwache Munyao asimame na kofia mkononi kwa ajili yako. Sema ni mimi. Utaona watu wanakaa chini kwenye nyasi kukusaidia.

Haya, nenda, giza lisikukute njiani, na mama yako msalimie. Mungu akuongoze, akupe ardhi inayoshika na watu wa kukaa nawe upande mmoja wa mtaro. Akupe mkono mzuri, na unyayo ulio mzuri kuushinda. Na siku akikukwangua, mwanangu, kwa sababu atakukwangua, akukwangue polepole.